Gari la umeme kati ya Arusha na Moshi: nichaji kwa namna gani ili betri isichoke mapema?

Mkazi wa Njiro (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi uliopita nilinunua gari dogo la umeme, mtumba kutoka Japani, Nissan Leaf ya mwaka 2016 yenye betri ya kilowati-saa 30, na tangu siku lilipoingia nyumbani kila anayeliona ananipa sharti lake la kuchaji. Jirani yangu, ambaye nyumba yake inatumia sola, anasema betri isilale nusu hata usiku mmoja kwa sababu itakufa. Shemeji anashikilia kwamba ni lazima niiache iishe kabisa ndipo niichomeke, kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani tuliponunua simu mpya. Kijana mmoja wa gereji akanionya nisivuke asilimia 80 kamwe. Wote watatu wanasema kwa uhakika uleule, ila aliyelipa ni mimi.

Matumizi yangu ni haya. Siku tatu za wiki ninafanya kazi Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi kwenda na 80 kurudi. Siku zilizobaki ninazunguka mjini Arusha tu, kilomita 15 kwa siku au pungufu. Nyumbani ninachaji usiku kwa soketi ya kawaida na waya uliokuja na gari. Kazini Moshi nimeruhusiwa kuchomeka, lakini gari linasimama kwenye uwanja wa lami usio na mti, na kuanzia Januari mpaka Machi mnaujua wenyewe mji ule. Pau za afya ya betri kwenye dashibodi zimebaki 11 kati ya 12. Tena mwezi wa kumi na mbili tunapanda Rombo kwa wazee kwa wiki tatu, na gari hili litabaki nyumbani. Naomba mwenye ujuzi anieleze si tu nifanye nini, anieleze na sababu yake, maana masharti yasiyo na sababu nimeshayapata ya kutosha.

Mwalimu wa Fizikia, Tengeru (Jumapili, saa 4:15 usiku)

Ndugu yangu wa Njiro, hongera kwa gari. Katika watu hao watatu hakuna aliyekudanganya; kila mmoja anaisemea betri aliyoizoea. Jirani yako anaijua betri ya risasi na asidi, ile N70 ya sola, ambayo ikikaa nusu kwa muda mrefu bamba zake hujijengea fuwele ngumu za salfeti zisizorudi kuyeyuka, kwa hiyo ni kweli kwamba hiyo hupenda kushiba. Shemeji yako amerithi sharti la betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilisifika kwa kukumbuka pale ulipozoea kuishia na kukataa kutoa zaidi. Betri iliyo chini ya sakafu ya gari lako ni ya lithiamu, ambayo haina tabia hiyo hata moja: ikishiba muda mrefu inaumia, ikishinda njaa inaumia pia, na inapokuwa katikati ndipo inapokaa kwa raha. Kijana wa gereji ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa neno lake la "kamwe" ni kali kupita kiasi.

Umeomba sababu. Gari lako lina seli (vibetri vidogo) 192, zimefungwa mbilimbili katika safu ya jozi 96. Seli iliyojaa hufika takribani volti 4.1 au zaidi kidogo, na katika volti hizo elektrolaiti, yaani kimiminika kilichomo ndani, haitulii. Upande wa grafaiti, yaani ule wa kaboni unaopokea lithiamu wakati wa kuchaji, kuna utando mwembamba unaojitengeneza tangu seli ilipochajiwa mara ya kwanza kiwandani; utando huo ndio unaoilinda seli, lakini hunenepa polepole miaka yote, na kila unaponenepa humeza lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini. Hiyo ndiyo pau moja uliyoikuta imekwisha kuondoka. Mambo mawili huharakisha unene huo: kiwango kikubwa cha chaji na joto. Katika kemia tuna kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko hukaribia kuongezeka kasi maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Yakikutana yote mawili, yaani betri imeshiba na imepata moto, hapo ndipo miaka inapoliwa.

Kwa hiyo zihesabu zaidi saa ambazo gari limesimama katika hali hiyo. Ukijaza asilimia 100 ikamalizika saa 11 alfajiri na wewe ukaondoka saa 12, madhara yake ni madogo mno. Ukijaza asilimia 100 Ijumaa usiku, kisha gari likashinda Jumamosi na Jumapili juani kwa sababu mlikuwa na harusi mkaenda kwa gari la mjomba, umeidhulumu betri bila hata kuiendesha.

Sasa tuingie kwenye safari zako. Siku za mjini hazina mjadala: kilomita 15 hula kama yuniti mbili na nusu (yuniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja), sawa na sehemu ya kumi ya betri yako. Liache gari licheze kati ya asilimia 40 na 75. Uchaji kila usiku kidogo kidogo au mara mbili kwa wiki, ni hiari yako. Michomeko mifupi haihesabiwi kama mzunguko mzima kila mara, na kwa lithiamu mizunguko mifupi ni myepesi kuliko kushuka hadi sifuri na kupanda hadi 100.

Siku za Moshi ndizo zinazotaka hesabu, na hesabu yenyewe inategemea mlima. Kutoka kwako hadi Moshi mjini unashuka kama mita 500 kwa jumla. Gari pamoja na abiria likiwa na kilo 1,600, kuliinua kimo hicho kunataka yuniti mbili na ushee; kwa hiyo asubuhi mlima unakukopesha kiasi hicho na jioni unakudai. Tukikisia kwamba barabara tambarare ingekula yuniti 13, utatumia kama 11 kwenda na kama 15 kurudi, ukiwa na mwendo wa kistaarabu usioshindana na mabasi ya Costa. Betri yenye pau 11 tuikadirie kuwa na yuniti 24 au 25 za kutumia. Maana yake ni kwamba kwenda kunakula asilimia 45 hivi, na kurudi kunakula zaidi ya 60. Ukitaka kufika Njiro ukiwa na akiba ya 15 au zaidi, unapaswa kuondoka Moshi na 80. Huhitaji kujaza Moshi, wala huhitaji 100 ya Njiro.

Mimi ningefanya hivi: kazi kubwa ya kuchaji iwe Njiro usiku, kukiwa na ubaridi wetu, hadi asilimia 88 au 90, Moshi iwe ya kuongeza tu, kutoka 43 au 45 hadi 80. Hiyo ni kama yuniti tisa, na kwa ampea 10 betri inapokea karibu yuniti mbili kwa saa, kwa hiyo ni saa nne na nusu. Usichomeke ukifika tu. Liache lipumue kwanza, uanze saa 6 mchana ili likikaribia 80 wewe uwe unafunga mafaili. Vivyo hivyo jioni ukirudi Njiro: kula kwanza, chomeka baadaye, na kama gari lina taima liamrishe limalize karibu na saa ya kuondoka.

Jambo la mwisho kwa leo ni uwanja wa lami. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, na betri yenyewe ni pande zito la kilo 300 hivi lililolala tumboni mwa gari, linalotazamana na ardhi. Likishapata moto halipoi upesi. Lami iliyochomwa na jua tangu asubuhi inalikaanga kwa chini hata kama umeweka karatasi ya kung'aa kwenye kioo. Tafuta udongo au majani penye kivuli, hata ikibidi utembee dakika tano. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo katika jiji la Phoenix, Arizona, ambako kiangazi huvuka nyuzi 40, walianza kuona pau zao zikipotea mapema kuliko wenzao wa maeneo ya baridi. Moshi si Phoenix, nashukuru Mungu, lakini mwelekeo ni uleule. Kwa upande mwingine, mawaidha mengi utakayosoma mtandaoni kuhusu kuipasha betri moto kabla ya kuchaji yameandikwa kwa ajili ya watu wa theluji. Hayo yapite tu.

Fundi Umeme, Kaloleni (Jumatatu, saa 1:05 asubuhi)

Mwalimu amemaliza upande wa kemia, nami naomba nirudi kwenye maneno mawili yaliyonishtua: "soketi ya kawaida" na "waya uliokuja na gari". Kaka, kabla ya kuchaji leo usiku geuza kile kiboksi cha waya usome kibandiko chake. Nyaya nyingi zinazokuja na magari haya zimeandikwa volti 200, ampea 15, na plagi yake ya asili ni ya Kijapani. Zikifika hapa mtu anakata plagi ile na kufunga plagi yetu ya miguu mitatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Gari halijui kwamba umebadilisha plagi. Litavuta ampea 15 zile zile saa saba mfululizo. Fyuzi ya 13 iliyomo ndani ya plagi haikatiki upesi kwa ampea 15, inakaa tu inachemka.

Mwaka jana niliitwa Sakina kwa mteja aliyelalamika kwamba sebule yake inanuka samaki kila asubuhi na hakuna aliyepika samaki. Nilipoivuta plagi ya gari kutoka kwenye ekstensheni, mguu wa laivu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, plastiki imelegea kama nta, na soketi ilikuwa imeshikamana nayo. Harufu ile ya samaki ni ya plastiki ya plagi ikiungua. Mkiisikia, zimeni kwenye meinswichi kwanza ndipo mtafute chanzo.

Dawa yake ni laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi: waya wa milimita 4, sakiti breka yake yenyewe, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16. Ethi, yaani waya wa ardhini, ipimwe kwa mita, isikisiwe kwa macho, kwa kuwa waya nyingi za kuchaji hukataa kabisa kufanya kazi pasipo na ethi nzuri, na mtu huishia kulaumu gari. Ikiwa uwezo wa kufunga laini haujapatikana, nunua waya wa kuchaji unaoweza kushushwa hadi ampea 8 au 10, na ekstensheni isahau. Betri yenyewe haitalalamika kwa ampea chache za usiku mrefu.

Dereva wa Majengo, Moshi (Jumatatu, saa 6:30 mchana)

Ninawaheshimu waliotangulia, ila kuhusu asilimia 80 nina pingamizi. Mimi ninaendesha gari la umeme jipya la bosi wangu, la Kichina, na maelekezo tuliyokabidhiwa yanataka lijazwe hadi 100 mara kwa mara. Mwanzoni nilijifanya mjuaji nikawa ninaishia 80 kwa miezi miwili. Siku moja, nikiwa Boma Ng'ombe ninarudi mjini, kipimo kikashuka kutoka 19 hadi 8 kabla sijamaliza hata kilomita mbili. Nilizima kipoza hewa na redio, nikaingia Moshi nikiwa na jasho. Tangu hapo ninajaza, na kipimo kimetulia. Sasa mnataka kusema kitabu cha gari kinakosea?

Mwalimu wa Fizikia, Tengeru (Jumatatu, saa 1:50 usiku)

Hakikosei, ndugu yangu, na nimefurahi umelileta jambo hili kwa sababu nililiruka. Magari mengi mapya ya Kichina hutumia lithiamu ya aina nyingine, ile ya chuma na fosfati, inayofupishwa LFP. BYD, kwa mfano, walizindua betri yao ya Blade ya aina hiyo mwaka 2020. Seli ya LFP huishia karibu volti 3.6 wakati wa kuchaji na inastahimili kushiba vizuri zaidi kuliko lithiamu ya Leaf, lakini ina kasoro moja: volti yake hubaki karibu palepale kuanzia juu hadi karibu na mwisho, kwa hiyo kompyuta ya gari haiwezi kuangalia volti na kujua imebaki kiasi gani. Inahesabu tu kilichoingia na kilichotoka, makosa madogo yanajumlika, na njia ya kujisahihisha ni kugusa 100. Tesla nao, kwa magari yao yenye betri za LFP, hushauri kujaza 100 angalau mara moja kwa wiki. Yaliyokupata Boma Ng'ombe ni kipimo kilichopotea njia. Betri yenyewe haikuwa imeharibika.

Hata hivyo, utando niliousimulia jana uko pia ndani ya LFP, na joto linaukuza vilevile. Jaza, kisha uendeshe. Wewe na ndugu wa Njiro mnatofautiana kwenye asilimia. Kwenye kivuli mko pamoja.

Sasa Desemba, maana sikuijibu. Lithiamu ya Leaf iachwe na asilimia 50 hivi, isiyochomekwa, gari likiwa kivulini. Usiliache karibu na sifuri: kitabu cha Leaf chenyewe kinakataza kuliacha zaidi ya siku 14 kipimo kikiwa sifuri au karibu yake. Lakini kuna betri ya pili, ile ndogo ya volti 12 chini ya boneti, inayowasha kompyuta na kufungua milango. Hiyo ni ya risasi na asidi, na sharti lake ni kinyume kabisa: ijazwe, kisha ufungue waya wa hasi ili isinyonywe wiki tatu. Watu wengi hurudi kutoka likizo wakakuta gari limekufa, wakadhani betri ya mamilioni imeondoka, kumbe ni hii ndogo.

Mama Kibosho (Jumanne, saa 3:20 asubuhi)

Shikamoo Mwalimu, na wengine wote habari za asubuhi. Ninaongeza jambo la sisi tunaokaa mlimani. Nyumba yangu iko Kibosho na duka liko Moshi mjini, kwa hiyo kila asubuhi ninateremka na kila jioni ninapanda. Miezi ya kwanza nilikuwa ninajaza 100 usiku, na asubuhi nikawa ninaona gari linaserereka tofauti: ninaachia pedali, halinizuii kama linavyonizuia nikiwa mjini, inabidi nikanyage breki kona hadi kona. Nikidhani breki mbovu nikalipeleka kukaguliwa, wakaniambia nzima. Baadaye kijana wangu ndiye aliyegundua: betri iliyojaa haina mahali pa kuuweka umeme unaokusanywa kwenye mteremko, hivyo gari linaacha kukusanya na kazi yote inaangukia breki.

Sasa ninaishia 76. Ninafika mjini na 76 ileile au 75, breki hazipati moto, na betri haijalala imeshiba. Kuchaji kwenyewe ninafanyia nyumbani, chini ya miti ya migrevilea, siyo dukani ambako mabati yanatema moto mchana kutwa.

Mwalimu wa Fizikia, Tengeru (Jumanne, saa 7:10 mchana)

Marahaba mama. Hilo la mteremko ni bora kuliko lolote nililoandika, na ningelilijua mapema ningeanza nalo. Aliye juu ya mlima ashushe kikomo chake. Aliye bondeni na anayepanda jioni ndiye aliye na sababu ya kuongeza.

Mkazi wa Njiro (Ijumaa, saa 3:00 usiku)

Ndugu zangu, nimesoma yote na nimeyafanyia kazi kadiri nilivyoweza. Fundi, kibandiko cha waya kilikuwa na 15 kama ulivyosema, na plagi nilipoigusa baada ya saa mbili za kuchaji sikuweza kuishika hadi kuhesabu kumi. Laini mpya yenye soketi ya buluu ilifungwa Jumatano, na jana asubuhi nilifanya safari ya kwanza kwa hesabu ya Mwalimu: niliondoka na 88, nikafika Moshi na 45. Kazini nimeelewana na mlinzi, sasa ninaegesha nyuma ya jiko chini ya mwarobaini, kwenye udongo, na waya wa kuchaji unafika soketi ya stoo bila ekstensheni. Nilichomeka saa 6, nikaondoka saa 11 jioni na 81, nikaingia Njiro na 18. Upepo ulikuwa wa mbele kuanzia Kikatiti, kwa hiyo siku tulivu naamini nitabaki na zaidi.

Jirani yangu wa sola alikuja jioni kuangalia soketi mpya, akarudia lile lile la kwamba nisilaze betri nusu. Nilimfungulia boneti nikamwonyesha ile ndogo ya volti 12. Akainama, akasoma maandishi, akaipangusa vumbi kwenye nguzo zake kwa kidole, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa nakwambia." Nimemkabidhi ufunguo, mwezi wa kumi na mbili ataijaza yeye.